Sura ya Nne: Vitabu Vilifika, Kusoma Kukachelewa

Mwaka 1996 shule 25 za msingi katika wilaya za Busia na Teso nchini Kenya zilipokea vitabu vipya vya kiada bila kulipa hata senti. Vilitolewa na ICS, shirika la Kiholanzi lililokuwa likisaidia shule za pande hizo, na vilikuwa vile vile vilivyoidhinishwa na serikali kwa masomo kama Kiingereza, hesabu na sayansi. Enzi hizo watoto kadhaa kubanana juu ya kitabu kimoja halikuwa jambo la kushangaza, na katika shule nyingine kitabu pekee kilikuwa cha mwalimu. Kwa hiyo matumaini yalikuwa makubwa na mantiki yake ilikuwa nyepesi: mtoto akipata kitabu atasoma, akisoma atapita.

Alama hazikupanda. Shule zilizopata vitabu zililinganishwa na nyingine za wilaya hizo hizo ambazo hazikuwa zimepata, zote zikiwa sehemu ya orodha ya shule 100 iliyogawanywa kwa utaratibu usiompendelea yeyote. Kwa wastani, wanafunzi wenye vitabu hawakuwashinda wasio navyo. Waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tangu mwanzo, yaani waliofanya vizuri katika mtihani wa awali kabla vitabu havijagawanywa. Kwa wengine wote ilikuwa kana kwamba vitabu havikuletwa.

Waliofanya hesabu hizo ni wanauchumi watatu: Paul Glewwe, Sylvie Moulin na Michael Kremer. Kremer alikuwa amewahi kufundisha sekondari huko Kakamega alipokuwa kijana, na mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Matokeo ya Busia yalichapishwa rasmi mwaka 2009, na maelezo waliyotoa yangeweza kutolewa na mama yeyote wa Adungosi aliyewahi kumsikiliza mwanawe akisoma kazi ya nyumbani. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto hao Kiingereza ni lugha ya tatu. Tena viliandikwa kwa kumlenga mtoto ambaye shule nyingi za hapo hazina. Aliyekaa katikati ya darasa, sembuse aliye mwisho, hakuweza kuvisoma.

Matokeo haya yamerudiwa katika vyuo vikuu vingi duniani kama hoja ya uchumi: jinsi ya kutumia pesa za misaada, jinsi ya kupima mradi. Mimi nadhani thamani yake kubwa imo kwingine, katika chumba cha darasa. Yanatuonyesha kosa ambalo bado tunalifanya, la kudhani kwamba kufundisha Kiingereza na kufundisha kusoma ni kazi moja. Ni kazi mbili, na katika miji hii ya mpakani, Busia na Malaba, ya pili huachwa ijifanye yenyewe.

Tuangalie kwanza masikio ya mtoto yamezoea nini. Teso, iliyokuwa wilaya peke yake, leo imo ndani ya Kaunti ya Busia. Malaba iko upande wa Waiteso, na Kiteso ni lugha ya Kiniloti, haina undugu na Kiswahili. Ukiteremka kuelekea mji wa Busia unaingia kwa Wakhayo, kisha Wamarachi, Wasamia, na Wanyala wa Budalang'i, wote wakisema lahaja za Kiluhya, ambazo ni za Kibantu. Msamia na Mwiteso wana ndugu zao ng'ambo ya mpaka, Uganda, na ng'ambo hiyo huja na Kiganda kidogo. Juu ya yote kuna Kiswahili cha sokoni, cha stendi na cha madereva wa matrela walioanzia safari Mombasa. Mtoto wa miaka 7 anaweza kununua mandazi kwa lugha tatu. Anapoingia darasani anakuta ya nne ikimngoja kwenye ubao.

Serikali imebadilisha mawazo mara kadhaa kuhusu suala hili. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilitaka Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ikapendekeza madarasa matatu ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na Kiingereza kichukue nafasi kuanzia darasa la nne. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 umeshika njia hiyo hiyo. Hiyo ndiyo sera. Mzazi wa Malaba ana sera yake. Atamwambia mwalimu wa chekechea, "Mwalimu, Kiswahili anakijua nyumbani, mimi nalipa ajue Kiingereza." Na hana kosa kubwa, maana anajua mitihani itakuja kwa lugha gani. Anachokosea ni mpangilio tu.

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer waliandika kwamba kusoma ni zao la vitu viwili: uwezo wa kugeuza maandishi kuwa sauti, na uwezo wa kuelewa lugha inayosikika. Walisisitiza ni zao la kuzidisha. Jumla ingekuwa nafuu, maana upungufu wa upande mmoja ungefidiwa na mwingine. Katika kuzidisha, sifuri moja huifanya hesabu yote kuwa sifuri. Mtoto wa gredi ya pili aliyewekewa ukurasa wa Kiingereza kabla hajajua herufi zinatoa sauti gani, na kabla hajawa na maneno 200 ya Kiingereza kichwani, anazidisha sifuri kwa kidogo.

Ukimpa ukurasa wa Kiswahili, upande wa kuelewa tayari umejaa. Kilichobaki ni herufi, na herufi za Kiswahili ni aminifu: *a* ni *a* popote uikutapo. Akishajua *ba, be, bi, bo, bu* na kuelewa mchezo wenyewe, miezi michache inamtosha kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Ujuzi huo haupotei anapohamia lugha nyingine, kwa kuwa mtu hajifunzi mara mbili kwamba alama zilizochorwa ni sauti zilizosemwa. Kiteso na lahaja za Kiluhya nazo huandikwa kwa herufi hizi hizi, na irabu zinasomwa takriban vile vile. Mtoto wa kijijini Teso Kaskazini ambaye Kiswahili chake bado kichanga anaweza kuingilia mlango wa Kiteso. Wa mjini Busia, ambako dawati moja lina watoto wa makabila matatu, mlango wake ni Kiswahili.

Kiingereza hakina uaminifu huo. Herufi *a* ina sauti moja katika *cat*, nyingine katika *cake*, nyingine katika *call*. Mwaka 2003 Philip Seymour wa Chuo Kikuu cha Dundee na wenzake walitoa matokeo ya watoto wa Ulaya waliosoma kwa lugha 13. Baada ya mwaka mmoja shuleni, watoto wa lugha nyingi walisoma sawasawa zaidi ya maneno tisa kati ya kumi. Watoto wa Scotland, waliozaliwa ndani ya Kiingereza, walisoma takriban theluthi moja tu. Mwalimu wa Malaba anayejiona ameshindwa kwa sababu watoto wake wa gredi ya kwanza hawasomi Kiingereza, na akumbuke hao wa Scotland.

Hii ndiyo sababu napenda sana kosa fulani ambalo walimu wengi hulikemea. Mtoto anaona *name* anasoma "na-me". Anaona *like* anasoma "li-ke". Darasa linacheka. Lakini huyo anasoma! Amechukua kanuni aliyofundishwa kwa Kiswahili akaitumia mahali pageni bila kusaidiwa na mtu, na ndiye wa kwanza kuwa tayari kuambiwa kwamba katika Kiingereza *e* ya mwisho mara nyingi hunyamaza, na inaponyamaza hubadilisha irabu iliyo kabla yake. Wa kuogopewa ni yule anayetamka *name* vizuri kabisa kwa sababu ameikariri pamoja na picha.

Kukariri ndiko kunakotudanganya zaidi. Pita nje ya darasa lolote utasikia kiitikio: mwalimu anasoma sentensi, watoto 60 wanaifuata kwa sauti moja inayotikisa mabati. Inafurahisha masikio. Sasa mchukue mtoto mmoja, funika picha, umwanzishe katikati ya mstari wa tatu. Au toa neno moja kwenye ukurasa ule, uliandike ubaoni peke yake. Wengi watatazama pembeni. Mpango wa Uwezo, ulioanzishwa mwaka 2009 kwenda nyumba kwa nyumba Kenya, Uganda na Tanzania kupima watoto, ulitumia ngazi fupi: herufi, maneno, aya, hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ripoti zake za miaka ya mwanzo zilionyesha kwamba hapa Kenya ni kama watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza hadithi ile. Kipimo hicho kinafanyika kwa dakika chache, na mwalimu hahitaji ruhusa ya mtu kukifanya mwenyewe kwenye benchi chini ya mwembe.

Kabla ya jicho huja sikio, na hapa mpaka una mambo yake. Kiteso hakina sauti ya *f*, wala *v*, *z* au *h*. Mtoto Mwiteso akisikia *fan* na *pan* anaweza kusikia kitu kimoja, na *fish* ikamtoka ikianza na *p*. Lahaja za Kiluhya zina tatizo lao: sauti nzito za *b*, *d* na *g* hutokea zaidi baada ya *m* au *n*, kwa hiyo *pig* na *big* huvaliana nguo, na *bag* ikageuka *back*. Watu wazima wamefanya jambo hili kuwa kichekesho cha redioni na cha jukwaani. Darasani halichekeshi, kwa sababu mtoto asiyetofautisha sauti hawezi kujua ni herufi gani ya kuandika. Ukimpa imla ya maneno 20 utapata makosa 12 yenye asili moja, na ukiyasahihisha moja moja kwa kalamu nyekundu hutamsaidia.

Dawa ni michezo ya dakika tano bila kitabu wala daftari. Mwalimu anasema jozi: *pan, fan*. Watoto wanaosikia sauti mbili wananyoosha vidole viwili. Wanaosikia moja, kimoja. Anasema *fan, fan*. Kisha anafunika mdomo kwa daftari, maana watoto ni wajanja, husoma midomo. Ikifika wiki ya tatu wao wenyewe wanapokezana kuwa mwalimu. Kwa *p* na *b*, kipande cha karatasi mbele ya midomo kinatosha: *pig* inakirusha, *big* inakitingisha kidogo tu. Kwa *f*, meno ya juu yashike mdomo wa chini, na kioo kidogo cha mkononi kipite dawati kwa dawati. Baada ya hapo tu ndipo herufi inapoandikwa. Mwalimu wa Kiingereza anayesema darasa la lugha tatu linamlemea ana haki ya kulalamika, ila anao pia Waluhya wanaotamka *f* vizuri wa kuwaketisha karibu na Waiteso.

Kuhusu kasi, Baraza la Mitihani la Kenya na wataalamu wake waliweka viwango ambavyo kwa mtazamo wa kwanza vinashangaza: msomaji mzuri wa madarasa ya chini asome maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza, lakini 45 tu kwa Kiswahili. Hakuna upendeleo hapo. Neno moja la Kiswahili kama *hawakumwona* limebeba mzigo ambao Kiingereza kingehitaji maneno manne au matano kuubeba. Kasi yenyewe ina maana kwa sababu ya kumbukumbu: mtoto anayekokota herufi moja moja hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake.

Viwango hivyo vilikuja wakati wa majaribio ya kufundisha kusoma yaliyoitwa PRIMR, ya mwaka 2011 hadi 2014, na majaribio hayo ndiyo yaliyozaa Tusome, mradi ulioenea shule za umma nchini kote kuanzia mwaka 2015. Hapa Busia inafaa kuuweka kando ya ule wa 1996, kwa sababu nao uligawa vitabu, kila mtoto chake, cha Kiingereza na cha Kiswahili. Safari hii kusoma kulipanda, na wapimaji wa nje walilithibitisha. Tofauti ilikuwa nini? Vitabu vilianza pale mtoto alipo, kwa sauti na maneno mafupi. Mwalimu alipewa mwongozo wa kila somo: nafanya mimi, tunafanya pamoja, unafanya wewe. Na ofisa wa mtaala, yule ambaye zamani alionekana shuleni kwa nadra, alikuja na kishikwambi, akakaa nyuma ya darasa, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, akazungumza na mwalimu kabla ya kuondoka. Wapo walimu walioona mwongozo ule kama kufungwa kamba. Nawaelewa. Mwalimu hodari huona dhiki kuambiwa aseme nini saa ngapi. Lakini wengi wetu hatukufundishwa chuoni jinsi ya kufundisha kusoma, tulifundishwa Kiingereza.

Kuandika kumeachwa nyuma zaidi ya kusoma. Daftari la gredi ya tatu linaweza kujaa mwandiko safi bila sentensi hata moja ya mwenye daftari, kwa sababu yote imenakiliwa ubaoni. Miaka mingi mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na insha ya Kiingereza yenye alama 40, na darasa la nane lilijiandaa kwa kukariri mianzo: asubuhi yenye jua, ndege wakiimba, jogoo akiwika. Malaba ndege huimba, sikatai, lakini kinachomwamsha mtoto alfajiri ni breki za matrela.

Ipo njia ya kuanza na maneno ya mtoto mwenyewe. Huko New Zealand, mwalimu Sylvia Ashton-Warner aliwafundisha watoto wa Kimaori kwa kumuuliza kila mmoja, asubuhi, neno analolitaka. Aliliandika kwenye kadi, akampa. Neno ambalo kesho yake mtoto hakulitambua lilitupwa, kwa kuwa halikuwa lake kweli. Kitabu chake, *Teacher*, kilitoka mwaka 1963. Vitabu vya shule walivyokuwa wakitumia vilisimulia familia ya Kizungu iliyo safi mno. Maneno ya watoto yalikuwa ya mapenzi, hofu na magomvi ya nyumbani, na hayo ndiyo waliyoyashika kwa siku moja.

Hebu fikiria kadi za mtoto wa Malaba: *lorry, driver, egg, bridge, police, grandmother*. Maandishi yenyewe yamepita mbele yake tangu azaliwe: *LONG VEHICLE* nyuma ya trela, namba za magari zinazoanza na K, na U, na R ya Rwanda. Darasa likisimama kwa utaratibu ndani ya ua wa shule, mbali na barabara, linaweza kukusanya herufi zote za alfabeti kwenye foleni moja ya asubuhi. Kisha inakuja sentensi. Mtoto anaisema kwanza kwa lugha yake au Kiswahili: "Lori limelala njiani." Darasa linatafuta Kiingereza chake pamoja, mwalimu akisaidia, *The lorry slept on the road*, na kila mmoja anaiandika bila kunakili, ubao ukiwa umefutwa. Utapata *lori slept on da rod*. Usiiguse kwa kalamu nyekundu leo. Inakuambia nani anasikia nini. Kesho *road* ndiyo itakuwa somo.

Kibao cha shingoni, kile alichovishwa mtoto aliyesema lugha ya nyumbani, na ambacho mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza kwa uchungu mwaka 1986, hakijafa kabisa. Kina majina mengi, na shule nyingine siku hizi hutoza faini. Anayekitetea hudai kinalazimisha Kiingereza. Kinacholazimishwa ni kimya: mtoto huchagua kutosema kuliko kusema vibaya, na asiyesema hana cha kuandika.

Mpaka wenyewe huleta wanafunzi. Shule za Kenya zilifunguliwa tena kikamilifu Januari 2021, ilhali za Uganda, zilizofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zilibaki zimefungwa kwa wengi hadi Januari 2022. Si ajabu wazazi wa ng'ambo walitazama upande huu. Hata kabla ya hapo watoto walivuka kwenda na kurudi kila muhula. Mtoto anayetoka Uganda mara nyingi huzungumza Kiingereza kwa ujasiri kuliko wenzake wa hapa, na Kiswahili akawa hana. Mwalimu humweka gredi ya nne kwa urefu wake na ufasaha wake. Mpime kwa ngazi ile ile ya herufi hadi hadithi. Ufasaha wa mdomo unaweza kuficha mtoto asiyejua kusoma hata neno, na pia unaweza kuonyesha mtoto ambaye ana nusu nzima ya hesabu ya Gough na Tunmer, anayehitaji herufi tu, na huyo hupanda haraka kuliko wote.

Wapo pia wanafunzi wenye wajukuu. Katika kituo cha mpaka cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, mfanyabiashara mdogo anaweza kutumia utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja, hupata cheti chepesi cha asili ya bidhaa hapo hapo mpakani. Cheti ni chepesi kwa anayekisoma. Mama wa mayai au wa samaki asiyejua kilichoandikwa humtegemea mtu wa kumjazia, au hupita njia za panya na kujitwisha hatari zake.

Darasa la Kiingereza la akina mama hao halina haja ya kuanza na tufaha la herufi A, tunda ambalo wengi hawauzi. Wengi wanasoma Kiswahili kidogo, na hesabu zao ni kali kuliko za mwalimu. Somo la kwanza liwe fomu yenyewe, imekuzwa kwenye karatasi ya manila. *Name* kwanza, na hapo "na-me" itajitokeza tena na kufundishwa vile vile. Kisha *goods*, kila mmoja akiandika chake: *eggs, maize, bananas*. Kisha *quantity*, inayotisha kwa urefu lakini inakatika vizuri kwa vipande. Ikifika *value*, mwalimu aweke chaki chini kwa muda, maana hakuna mama pale asiye na kesi ya thamani aliyoandikiwa mzigo wake, na wote watataka kusema kwa wakati mmoja.